Kila nchi niliyopita Asia imenionya kuhusu jirani yake. Nimwamini nani?

Begi_Moja:

Wakuu, habari za humu. Naandika nikiwa juu ya kitanda cha ghorofa, chumba cha watu wanane, Hanoi, na mvua imegoma kukatika tangu asubuhi. Leo ni siku ya 47. Nilianzia Seoul, nikashuka Busan, nikapanda meli ya usiku hadi Fukuoka, nikaenda Osaka, Tokyo, nikaruka Taipei (Taiwan), nikaingia China kupitia Guangzhou, halafu nikavuka mpaka kwa basi hadi hapa. Miguu imechoka, lakini si hilo lililonileta jukwaani.

Kila kituo nilikutana na mtu mwema, wa kunipa chai au kunisindikiza hadi stesheni, na kila mmoja wao kabla hatujaagana alinivuta kando akanitahadharisha kuhusu watu ninaowaendea. Tulikuwa tunaelewana kwa Kiingereza cha kuungaunga na programu ya kutafsiri kwenye simu, lakini umbea hauhitaji sarufi.

Mama mwenye hosteli Seoul: "Wajapani watakuinamia hadi mgongo uwaume, ila ya moyoni hutayajua." Nikalala usiku mmoja baharini, nikaamka Fukuoka. Mzee mmoja kwenye kaunta ya tambi akaniuliza natoka wapi. Kusikia Korea akacheka: "Na hawakukugombeza? Wale hasira zao ni za mkizi." Osaka nikaambiwa watu wa Tokyo hata ukianguka mbele yao watakuruka kwa adabu na kuendelea na safari. Kufika Tokyo nikapewa pole kwa kukaa Osaka, eti kule kila mtu mchekeshaji na kila mtu anaomba apunguziwe bei. Taipei kijana mmoja akanionya kwamba bara, yaani China, nitasukumwa kwenye foleni. Guangzhou dereva wa teksi akaniambia Wataiwan wanaongea kama wanambembeleza mtoto alale, na bila mimi kuuliza akawageukia wa kwao: nijihadhari na watu wa Henan, ni wezi. Henan ni mkoa wenye watu karibu milioni 100, jamani. Wote?

Na hapa Hanoi, mama muuza chai wa kwenye kona amenipa pole kwa kupita China, akanitazama begi kama anahesabu kilichobaki.

Sasa sisemi kwamba tofauti hazipo. Zipo, nimeziona kwa macho. Osaka, jikoni mwa hosteli, tulikaa meza moja: mimi, kijana Mkorea, dada Mjapani na Mchina mmoja wa Chengdu. Wali uleule, kutoka sufuria moja. Dada Mjapani akanyanyua bakuli lake hadi karibu na kidevu. Jamaa wa Chengdu naye akanyanyua, akawa anausukumia wali mdomoni kwa vijiti. Mkorea bakuli lake halikubanduka mezani, akatafuta kijiko, akala ameinama. Hakuna aliyesema neno. Tulipokuwa tunaosha vyombo, Mkorea akaninong'oneza kwamba kwao bibi yake angempiga mkono, kunyanyua bakuli ni kula kiombaomba. Usiku ule dada Mjapani naye, bila kujua nimeshaambiwa nini, akaniuliza kama nilimwona yule alivyoufuata wali kwa uso. Kwao wanaita inugui, kula kimbwa.

Watu wawili wenye adabu zao kamili, kila mmoja akaenda kulala akiamini mwenzake hakulelewa.

Nami sijitoi. Nilikuja nimeshaambiwa Mjapani ni mtu wa sheria moja nchi nzima. Osaka nikajifunza kusimama upande wa kulia kwenye ngazi za umeme ili wenye haraka wapite kushoto. Nikafika Tokyo nikasimama kulia kwa kujiamini kabisa. Kumbe Tokyo wanasimama kushoto. Nyuma yangu foleni nzima, na bwana mmoja mwenye suti akakohoa kikohozi kidogo, cha heshima, ambacho hadi leo nakisikia masikioni.

Swali langu: mnatofautishaje mila na majungu? Na mtu aliyekufadhili anapomsema jirani yake mbele yako, unafanyaje? Mimi mpaka sasa nimekuwa nachekacheka tu kama mjinga.

Serahangi_Mstaafu:

Kijana, karibu. Nimekaa baharini miaka 19, meli za mafuta, na nilichojifunza kuhusu watu wa Asia nimejifunzia chumba cha mashine, mahali ambapo huwezi kuwa mpole kwa sababu hamsikiani.

Nikupe kisa kimoja. Fundi mkuu wetu alikuwa Mhindi wa Kerala, mtu wa vitabu, mkali kidogo. Msaidizi wake Mfilipino, kimya, kazi safi. Siku hiyo tunahamisha mafuta toka tangi moja hadi jingine. Fundi anauliza kwa sauti: vali imefungwa? Mfilipino anainua nyusi. Fundi anauliza tena. Nyusi juu. Mara ya tatu fundi akapiga kelele mbele ya watu wote. Mfilipino akanyamaza, na hakumsemesha fundi nje ya kazi kwa siku nne. Kwao kuinua nyusi ndiyo "ndiyo" yenyewe, na kukemewa hadharani ni kuvuliwa nguo.

Haijaisha. Zamu iliyofuata, Mfilipino anauliza kama awashe pampu. Fundi anatikisa kichwa kile kitikiso cha Kihindi, kinachoyumba bega hadi bega kama kibuyu majini. Maana yake: haya, sawa. Mfilipino akaelewa "hapana", akakaa. Pampu haikuwaka, saa nzima ikapotea, na maofisa wa juu, chumba cha kuongozea meli, wanapiga simu. Mwishoni fundi anasema Wafilipino hawasemi kitu, Mfilipino anasema Wahindi hawaeleweki. Mimi nilikuwa katikati na glavu zangu, natamani kucheka lakini cheo hakiruhusu.

Hiyo ni mila, unaweza hata kuipiga picha. Nyusi, kichwa, midomo (Mfilipino anakuonyesha kitu kwa kunyoosha midomo, mkono haumo). Mtu akikufundisha hayo, chukua, yatakusaidia.

Sasa sikia majungu yanavyofanana na mila. Kila kepteni niliyefanya naye kazi alisema Mfilipino ni mtiifu kwa asili. Asili gani? Yule yuko kwenye mkataba wa miezi 9, nyumbani kuna watoto wa dada yake anaowasomesha, na akibishana leo kesho hataitwa tena. Nilimtembelea mmoja kwao Iloilo alipokuwa likizo. Mtu yuleyule mtiifu nilimkuta anagombana na shemeji zake watatu kwa wakati mmoja, na anashinda.

Na hilo neno "Mhindi" liangalie vizuri. Kwenye chumba cha kulia tulikuwa na Mpunjabi na huyo wa Kerala. Wa Kerala anataka wali na samaki, na nyama ya ng'ombe ikiwepo anaikaribisha. Mpunjabi anataka chapati na dengu, na ng'ombe hagusi. Walikuwa wanazungumza Kiingereza wao kwa wao, maana mmoja Kimalayalamu mwingine Kipunjabi, na Kihindi cha fundi kilikuwa cha kuchechemea. Serikali yao ni moja na pasipoti ni moja, mpishi anapika sufuria mbili.

Mkono_wa_Pili:

Siku 47, nchi tano, na umerudi na mzigo wa umbea tu. Picha ya hata bakuli moja la tambi hakuna? 😂

Mkalimani_GZ:

Mimi nimeishi Guangzhou miaka 8, nakalimani kwa wafanyabiashara, kwa hiyo hilo la dereva wako nimelisikia mpaka nimelichoka. Huko kusini, mtu yeyote aliyezaliwa kaskazini mwao ni "mkaskazini", na anasemwa ni mlevi, mwili mkubwa, anasema hovyo. Wa kaskazini nao wanasema Mkantoni (mtu wa huku Guangzhou) anakula chochote chenye miguu minne isipokuwa meza. Utani wao wenyewe, wa ndani. Wageni wakauokota, wakawabandika Wachina wote bilioni moja na zaidi, pamoja na mwenzangu wa ofisini aliyetoka Shandong ambaye hata konokono hajawahi kumgusa.

Kuhusu kelele wanazosemwa nazo Wachina, niwatetee watu wangu. Kichina kina neno renao, lina "moto" na "kelele" ndani yake, na ni sifa. Mgahawa ukiwa renao maana yake chakula kizuri na watu wamefurahi. Mgahawa kimya wanauogopa, wanajiuliza kumetokea nini. Mjapani kwenye treni anazima sauti ya simu ili asikubebeshe mambo yake. Mchina anaongea kwa sauti kubwa ili usijione uko peke yako. Wote wawili wanakufikiria wewe! Sema hawajakuuliza unapenda lipi.

Halafu subiri uone kulipa bili. Mara ya kwanza nilidhani wanapigana. Wanaume wawili wazima, mmoja kamshika mwenzake kifundo cha mkono, wa pili kamtupia mhudumu simu yake kwa mbali ili achukue malipo. Mimi nikasimama nitafute mlinzi. Walikuwa marafiki tangu shule.

Lakini nilitaka kusema jambo moja ambalo naona linasahaulika kila watu wanapowasema watalii wa Kichina. Ile sifa mbaya ya kundi lenye bendera, picha kila hatua, kelele hotelini, haikuanzia kwao. Japani iliwaruhusu raia wake kusafiri nje kwa matembezi mwaka 1964 tu, tena mara moja kwa mwaka na kwa dola 500 kichwa. Miaka ya sabini makundi ya wakulima wa vyama vya ushirika yakaanza kuzunguka dunia, na Wajapani wenyewe wa mijini wakawa wanawacheka, jina la ushirika, nokyo, likageuka kejeli: mshamba na kamera yake. Korea Kusini ikafungua kabisa mwaka 1989. Kabla ya hapo, mwaka 1983, waliruhusiwa wenye miaka 50 na kuendelea, nao waweke amana benki, na ilibidi wahudhurie darasa la kupinga ukomunisti kabla ya kupewa pasipoti. Walipotoka, nao wakasemwa vilevile: wanapiga kelele, wana haraka, hawajui foleni. China ikafuata. Mwaka 2013 idara ya utalii ya serikali yao ilitoa kijitabu cha kurasa 64 cha ustaarabu safarini, na humo mna kuambiwa usiondoke na jaketi la kuokolea maisha la ndegeni, usichokonoe pua hadharani, usisimame juu ya kiti cha choo. Nilikinunulia wateja wangu kama utani, wakakisoma kwa makini mno nikaona aibu mimi.

Kwa hiyo yule mzee wako wa Fukuoka anayewasema Wakorea, inawezekana kabisa baba yake ndiye aliyekuwa akisemwa hivyohivyo mbele ya kanisa moja huko Ulaya, shingoni kamera, pembeni bendera ya kiongozi wa msafara. Nyani haoni kundule. Sasa hivi kwenye fukwe za Thailand wanaosemwa ni Wahindi. Zamu inazunguka. Anayesemwa sana ni yule ambaye pasipoti yake bado inanukia upya.

Mwalimu_wa_Yogya:

Ndugu Begi, na mimi nitie changu, kwa sababu kuna kitu hamjakigusa: watu wanaokubali kwa adabu wakati hawajakubali. Nilifundisha Yogyakarta miaka miwili, pale ndani ya Java.

Bomba la bafuni kwangu lilipasuka. Mama mwenye nyumba, Bu (ndivyo wanavyomwita mama huko), mtu wa upole ajabu, akaniambia fundi anakuja besok. Kamusi inasema besok ni kesho. Nikabaki nyumbani kesho yake. Hakuja. Nikauliza: besok. Siku ya tano ndipo mwalimu mwenzangu aliponihurumia, akanieleza kwamba kwa Mjava besok ni kesho, na pia ni siku yoyote iliyo mbele ambayo si leo. Na ile "inggih" ya kuitikia, ambayo mimi nilikuwa naihesabu kama ahadi, ni "nimekusikia". Wajava wenyewe wanajicheka kwa hilo, wana msemo wao, inggih-inggih ora kepanggih: ndiyo nyingi, lakini kitu chenyewe hukioni.

Aliyenitengenezea bomba alikuwa jirani, Mbatak kutoka Sumatra. Alisikia, akaja na spana, akaniambia mbele ya mama mwenye nyumba: "Fundi wake hana, anaona haya kusema." Bu akatabasamu, akaleta chai. Jioni Bu akaniambia Wabatak ni wakali, wanaongea kama wanagombana. Mbatak naye keshaniambia Wajava wanafiki. Nchi moja hiyo, wimbo wa taifa mmoja, ukuta mmoja kati yao. Na miaka kumi na mbili ni majirani, funguo za ziada za nyumba ya Bu anazo huyohuyo Mbatak.

Kuna sehemu moja nilijiona nyumbani kilugha. Kiindonesia hawapendi kukujibu hapana kavu. Ukiulizwa umeolewa, hujibu "hapana", unajibu belum, bado. Una watoto? Belum. Umefika Bali? Belum. Wazungu niliokaa nao iliwasumbua, waliona wanalazimishwa kuahidi ndoa. Mimi niliona ni "sijaolewa" ya kawaida, mlango nimeuegesha, sijaufunga. Walichokiita kutosema ukweli, kwangu ilikuwa sarufi.

Sasa swali lako la pili, unafanyaje mtu anapomsema jirani. Usibishe, wewe ni mgeni na chai ni yake. Usicheke pia. Mimi huuliza: "Ulimjulia wapi?" Basi. Kwa upole, kama unataka hadithi. Mwenye mila atakupa kisa: tulikaa naye, alifanya hivi, tukakasirika, baadaye tukajua sababu. Mwenye majungu atakuambia "kila mtu anajua".

Begi_Moja:

Nimerudi. Asanteni sana, na Serahangi, kile kibuyu majini kimenichekesha hadi Mholanzi wa kitanda cha chini akaamka.

Kuhusu lile bakuli la wali nimepata jibu, nilimwandikia yule kijana Mkorea. Anasema mikahawani kwao wali unakuja kwenye bakuli la chuma lenye kifuniko, la moto, ukilinyanyua unaungua, na kijiko kipo mezani daima. Japani bakuli la supu ni la mti na kijiko hakiletwi, usiponyanyua utakunywaje? Sijui kipi kilianza, bakuli au adabu. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Mvua ilipopungua nikashuka kwa mama muuza chai. Viti vyake vile vya plastiki vya chini, magoti yanakaribia masikio. Nikajaribu dawa ya Mwalimu. Nikasubiri aanze, wala hakuchelewa: Wachina hivi, Wachina vile. Nikamuuliza alimjulia wapi Mchina.

Akanyamaza. Nikadhani programu imetafsiri vibaya. Kisha akaniambia yeye ni mzaliwa wa Lạng Sơn, mji ambao basi langu lilipita asubuhi ile bila mimi kuamka. Februari 1979, jeshi la China lilipovuka mpaka, alikuwa na miaka 6. Baba yake alimbeba mgongoni usiku, mama akabeba sufuria ya wali ambao haujaiva vizuri, wakatembea kuelekea kusini. Anakumbuka wali ule ulikuwa mgumu. Mchina hajawahi kukaa naye hata siku moja. Na mpaka niliovuka mimi, nikagongewa muhuri huku nasinzia, jina lake kwa Kivietnamu ni Hữu Nghị, Urafiki.

Sikuwa na la kusema. Nikatazama chupa ya chai aliyokuwa ananimiminia, chini yake pana maandishi ya Kichina. Na yeye akaona nimeona. Akacheka, akaipiga kofi kidogo ile chupa, akasema inashika moto vizuri.

Halafu akaniuliza miaka yangu. Siku zote nne alikuwa hajaniuliza, nikawa nashangaa, maana huku bila umri hawajui wakuiteje, hakuna "wewe" ya bure. Nikamwambia 29. Akahesabu kwa vidole, akanifanya em, mdogo wake, ingawa kwa umri alinistahili kuwa shangazi, na mwanafunzi aliyekaa kiti cha pembeni akambishia akacheka. Akakataa kubadilisha.

Kesho usiku napanda treni ya kusini, kilomita 1,726 hadi Sài Gòn. Nilipomwambia akashika mkono wangu, akaangalia kushoto na kulia, akaisogeza simu karibu na mdomo ili itafsiri vizuri: watu wa Sài Gòn pesa yao ni ya leo leo, wakikualika kunywa usiende na pochi yote.

Nikamuuliza aliwajulia wapi. Akasema mume wake ni wa huko.